Kichwa cha Mchuma Chai

Mwezi uliopita niliteleza kwenye ngazi za jengo ninamofanyia kazi pale Kisii mjini. Nilikuwa nashuka mbili mbili, kama kawaida yangu, nikavunjika mkono wa kushoto. Kule kliniki muuguzi alinifunga bandeji zilizoloweshwa plasta, akanionya nisiutikise mkono hata kidogo. Nikajikaza. Baada ya dakika chache ile plasta ikaanza kupata joto. Kama hujawahi kufungwa, rafiki yangu, utadhani natunga: inakuja baridi kama matope ya mtoni, halafu inapata joto yenyewe bila moto wowote. Machozi yakanitoka. Muuguzi akadhani ni maumivu, akaniongezea vidonge, nami sikumwambia kwamba nilikuwa nimerudi miaka zaidi ya ishirini nyuma, kwenye boma la nyanya upande wa Magwagwa, mkono huu huu ukiwa umezama kwenye karai la plasta na shangazi akiniambia nisipumue kwa nguvu.

Shangazi ni dada mdogo wa baba. Alikuwa amerudi nyumbani baada ya miaka tisa Nairobi, katika kiwanda cha masinki na vyoo. Ndiyo, vyoo. Kazi yake ilikuwa kumimina udongo mwepesi kama uji ndani ya kalibu za plasta, yaani vile vyombo vigumu vinavyotoa umbo, na kalibu ikifunguliwa choo kinatoka kimekamilika. Kiwanda kilipopunguza watu naye akapunguzwa, akaja na sanduku moja la nguo na magunia matatu ya plasta, unga mweupe ule ule wa kliniki. Watoto wa jirani walimwita mama wa vyoo. Niliwarushia mawe kwa ajili hiyo, na mmoja nilimpata vizuri tu.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Baba na mama walikuwa wakifanya kazi mbali, mimi nikiishi na nyanya peke yetu katika nyumba ambayo jioni husikii ila saa ya ukutani. Nyanya alikuwa Msabato wa kweli kweli, mtu wa utaratibu, asiyeruhusu hata kikombe kilale kichafu. Mimi sikuweza kutulia. Nikitumwa majani ya chai narudi na kikapu nusu kwa sababu nimeona kitu ng'ambo ya kijito. Shangazi alipokuja nilipata mtu wa aina yangu. Alikuwa akitembea huku anakula, anaanza kazi ya pili kabla ya ya kwanza kwisha, anacheka na kuku. Nilimpenda kupita kiasi, na tangu wiki ya kwanza nilikuwa na hofu moja tu, kwamba ataondoka.

Hofu yangu haikuwa ya bure, kwani kila mara alisema nyumbani hakuna kazi ya mikono yake. Kisha akatokea mfanyabiashara mmoja wa Suneka aliyekuwa akijenga hoteli, akataka sanamu ya kusimama mlangoni, mwanamke mchuma chai mwenye kikapu mgongoni. Kwetu ukitaja sanamu kila mtu anafikiria jiwe laini la kuchonga, lile la Tabaka. Udongo ni wa matofali na vyungu. Lakini shangazi alimwambia atamfanyia ya udongo, vipande vipande, kubwa kama mtu. Yule bwana akasema akiipenda ataagiza nyingine mbili, na ana rafiki zake wenye hoteli kama yeye. Shangazi alirudi siku hiyo akiimba njiani. Akaniambia, "Hii ikikubali, mimi siendi popote. Najenga karakana hapo chini ya ndizi, na wewe utakuwa fundi wangu." Sijawahi kuahidiwa kitu kikubwa kuliko hicho mpaka leo, hata siku ya harusi yangu.

Kazi ya kwanza ilikuwa kumshawishi nyanya. Sanamu kwake ni jambo la amri kumi, na alikuwa tayari kumfukuza mtu na udongo wake. Walibishana siku mbili. Mwishowe nyanya akakubali kwa masharti mawili: sanamu isilale nyumbani kwake ikishakamilika, na moto usiguse Sabato. Jua likizama Ijumaa, moto uwe umezimwa. Shangazi akasema sawa, tena upesi mno.

Tulichimba udongo bondeni, penye majimaji ambapo watu walifyatulia matofali, tukaubeba kwa ndoo, tukaukanyaga kwa miguu na kutoa kila kijiwe na mzizi. Shangazi akaumba kwanza mfano wa kila sehemu juu ya meza ya mbao: sketi iliyokuwa ndiyo kitako, kifua, mikono miwili, kikapu, kichwa. Sehemu sita. Kila sehemu aliipaka sabuni isigandamane, akaizungushia ukuta wa udongo, akamimina plasta nusu hii, ikiganda anageuza nusu ile. Ndivyo kalibu zinavyozaliwa.

Viganja pekee hakuviumba. Alitaka viganja vya kweli, akachukua vyangu, akisema mchuma chai mwenye vidole vya mtoto atapendeza. Mara ya kwanza nzi alinitua puani, nikatikisika, kalibu ikaharibika. Mara ya pili nilicheka bila sababu. Mara ya tatu alinikalisha kwenye kigoda, akaniwekea uso wake karibu na wangu, akanihadithia habari za Nairobi mpaka plasta ikapata joto, ikapoa, ikaachia mikono yangu kwa mlio mdogo. Nilitazama ndani nikaona mistari ya vidole vyangu yote, hata kovu la panga.

Uso wa mchuma chai ulikuwa wa nyanya. Shangazi hakusema, lakini ukiangalia yale mashavu na mdomo uliobana, ni yeye tu. Siku nyanya alipopita na beseni la nguo alisimama akautazama kwa muda, akasema, "Huyu mama mbona ananiangalia vibaya hivyo?" Tukajificha nyuma ya migomba tucheke.

Kalibu zilipokauka tulikandamiza udongo ndani yake, unene wa kidole. Plasta hunywa maji ya udongo, udongo unasinyaa, unajitenga wenyewe, ukigeuza kalibu kipande kinateleza mkononi. Nusu mbili zinakwaruzwa ukingoni kwa uma, zinapakwa uji wa udongo na kubanwa pamoja, halafu unalainisha mshono kwa kidole chenye maji mpaka hauonekani. Niliipenda sana kazi hiyo ya mishono. Nisichokipenda kilikuwa kungoja. Vipande vilipangwa kwenye chumba cha kuwekea mahindi, vikafunikwa magunia na majani ya migomba ili vikauke polepole, na kila siku mchana mvua ya kwetu ilinyesha kana kwamba imeajiriwa. Wiki tatu. Nilikuwa naingia mle mara kumi kwa siku kuvigusa, shangazi akinifukuza, naye baada ya muda anaingia kuvigusa.

Yule bwana wa Suneka alikuwa anakuja kuchukua Jumapili alasiri, hoteli ifunguliwe Jumatatu. Shangazi alipanga kuchoma Jumatano, katika tanuri dogo alilojenga kwa matofali nyuma ya zizi. Jumatano mvua ikalowesha kuni. Alhamisi ikanyesha tangu asubuhi. Ikabaki Ijumaa.

Alfajiri ya Ijumaa tulivipanga vipande ndani, tukaziba mlango kwa matofali na matope, shangazi akawasha moto mdogo wa vijiti. Akanieleza mara mbili. Udongo huo bado una maji ndani hata ukionekana mkavu, na maji hayo yakichemka kwa ghafla yanapasua kipande. Kwa hiyo mpaka saa sita ni vijiti tu, kimoja kimoja. Kuni kubwa za mikaratusi alizipanga pembeni, rundo la mchana. Pale juu palipotoka moshi alinionyesha namna ya kuweka kioo chake kidogo cha kujipaka poda: kikipata ukungu, bado kuna maji, usiongeze. Kikiwa safi, ndipo kuni kubwa.

Saa nne hivi mtoto wa mwalimu wetu alikuja mbio. Mwalimu ndiye aliyekuwa na simu pale kijijini, na yule bwana wa Suneka alikuwa amepiga, anataka kuzungumza na fundi wake, atapiga tena baadaye kidogo. Shangazi akaniangalia. "Vijiti tu," akasema. "Ukiona kioo kina ukungu, unakaa. Unasikia? Unakaa." Akaondoka akikimbia.

Nikakaa. Jamani, nilikaa kweli. Lakini Ijumaa kwetu haikuwa siku ya kukaa. Nyanya alikuwa amekwisha pika maharagwe ya Sabato, anasugua sufuria kwa majivu, anapiga pasi gauni lake jeupe kwa pasi ya makaa, anapaka viatu vyangu rangi, anachota maji ya kesho. Kila nilipoinua macho alikuwa amemaliza kazi nyingine, na kila alipopita aliangalia jua. Mara moja akaniuliza, kwa upole tu, "Huo moto utaisha saa ngapi, mwanangu?" Nilihesabu saa kwa vidole. Kama vijiti ni mpaka saa sita, na kuni kubwa zinahitaji saa saba au nane, na jua linazama saa kumi na mbili na nusu, hatufiki. Nyanya atakuja na ndoo ya maji, shangazi atarudi Nairobi, nami nitabaki na saa ya ukutani.

Nikaweka kioo. Kikapata ukungu. Nikakifuta kwa gauni, nikaweka tena, ukungu tena. Nikasimama, nikazunguka tanuri, nikarudi. Nikajiambia kuni moja haiwezi kudhuru. Nikaingiza moja kubwa. Ikawaka vizuri mno, na vile moto ulivyonguruma nilijisikia mtu wa maana, fundi kamili, mtu anayeokoa jahazi. Nikaingiza ya pili. Nikaingiza nyingine tatu.

Kisha nikasikia, ndani kabisa, mlio mmoja mzito na mfupi. Pu. Kuku wakanyamaza, au nilidhani wamenyamaza. Nikavuta kuni moja nje nikaungua vidole, nikaizika kwenye majivu. Hapakuwa na mlio mwingine.

Shangazi alirudi akihema, uso umejaa furaha kwa sababu yule bwana alimsifu kwenye simu kabla hata ya kuona kitu. Aliinama akatazama moto, akatazama rundo la mikaratusi, akanitazama mimi. Akaketi chini, akachukua kijiti akakitia motoni. Hakuuliza neno. Nikamshukuru Mungu kwamba hakugundua.

Tulichochea mchana kutwa. Mvua ilituhurumia siku hiyo. Jua lilipogusa vilima shangazi alitoa makaa, akaziba midomo yote ya tanuri kwa matope, akaniambia Sabato ndiyo itakayotusaidia, kwa kuwa tanuri halitaki kuguswa mpaka lipoe. Tukaoga, tukaingia sebuleni kuipokea Sabato kwa wimbo. Nyanya aliimba kwa sauti ya chini yenye furaha. Mimi midomo ilikuwa inakwenda tu.

Sijui kama umewahi kungoja siku nzima jambo ambalo unalijua tayari. Jumamosi kanisani nilikaa juu ya viganja vyangu ili vidole vilivyoungua visionekane. Mwalimu wa darasa la watoto aliniuliza swali nikajibu la wiki iliyopita. Maharagwe yaliyolala niliyaacha sahanini. Jioni, Sabato ilipofungwa, nilitamani shangazi akafungue tanuri, yaishe. Akasema bado lina moto, tungoje asubuhi.

Jumapili asubuhi alibomoa matofali ya mlangoni moja moja. Sketi ilitoka nzima, nyekundu, inalia kama kengele ukiigonga kwa kucha. Kifua kizima. Mikono mizima, na vile vidole vyangu vyote kumi. Kikapu kilikuwa na ufa mdogo. Kichwa kilikuwa vigae. Kipande kikubwa kilichobaki kilikuwa shavu moja na nusu ya mdomo.

Nyanya alikuja kutazama, akiwa bado na kanga ya asubuhi. Na shangazi, ambaye sikuwahi kumsikia akimpandishia mama yake sauti, akageuka akaanza kupiga kelele kwa Kigusii mpaka jirani akatoka. Nakutafsiria kidogo tu. Alisema, "Ni Sabato yako, mama! Ni Sabato yako imepasua hii! Kama ungeniachia siku moja, siku moja tu, ningechoma polepole!" Nyanya akajibu kwamba siku ya Bwana si yake hata aigawe. Lakini sauti ilimtoka nyembamba. Shangazi akalia. Mimi nilikuwa nimesimama katikati yao na lile shavu la udongo mikononi. Nilikuwa na maneno matano ya kusema. Badala yake nikainama kuokota vigae.

Kalibu ya kichwa bado ilikuwapo, na hapo shangazi alinionyesha ufundi wake wote. Udongo mpya usingekauka. Basi alipondaponda tofali mpaka likawa unga mwekundu, akauchanganya na plasta iliyobaki, akamimina kwenye kalibu. Kabla chai haijapoa tulikuwa na kichwa kingine. Tukaunganisha sehemu kwa saruji iliyotiwa unga huo huo, tukaziba ufa wa kikapu, tukapiga msasa mpaka mikono ikafa ganzi, halafu tukaisugua nzima kwa rangi ya viatu ya kahawia na soksi kuukuu. Ikang'aa. Kama hujui, huwezi kujua. Yule bwana alikuja na pikapu yake iliyotandikwa majani makavu ya migomba, akaizunguka sanamu mara tatu, akampa shangazi mkono, akasema, "Mama, hii ni kali! Nyingine mbili utaanza lini?" Nilicheza pale uani mpaka nikaanguka. Niliamini kosa langu limefutika kabisa.

Plasta haipendi mvua, na ya kwetu unaijua. Hoteli haikuwa na paa pale mlangoni. Miezi miwili baadaye mtoto wa mwalimu alikuja tena mbio, na safari hii nilimfuata shangazi mpaka kwenye simu. Sauti ya yule bwana ilisikika hadi nje. "Madam, hii kichwa yako inayeyuka! Pua imeanguka kwa wageni! Watu wanacheka mimi!" Zile nyingine mbili hakuzitaka tena, wala rafiki zake. Wiki iliyofuata shangazi alifunga sanduku lake. Aliagana na nyanya kwa kumshika mkono tu, kama mgeni, na hakurudi kulala katika nyumba ile tena. Alikuja siku ya mazishi ya nyanya, akaondoka jioni hiyo hiyo.

Siku tatu baada ya kufungwa mkono nilimpigia simu Nairobi. Anauza vyungu vya maua barabarani siku hizi. Nilimwambia yote, kuni tano, kioo, ule mlio, kwa haraka bila kupumua, nikizunguka chumba na mkono wangu wa plasta. Aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Mwanangu, nilijua siku ile ile. Rundo nilikuwa nimelipanga mwenyewe." Nikamuuliza, basi kwa nini ulimgombeza nyanya? Akasema, "Wewe ulikuwa mtoto, ningekufanya nini? Na nilikuwa na hasira. Kumkasirikia mama ilikuwa rahisi." Akaanza kulia, mwanamke wa miaka sitini, nikisikia magari yakipita nyuma yake.

Nilikwenda Magwagwa Jumapili iliyopita. Tanuri halipo, matofali yake yalijenga choo cha jirani. Bondeni tulipochimba udongo pamepandwa mikaratusi, maji yamekauka. Kalibu tulizitupa nyuma ya zizi na sasa ni weupe weupe tu kwenye majani. Nyumba ya nyanya imefungwa. Nilitembea mle uani huku na huku, sikuweza kusimama mahali pamoja, mpaka mlinzi wa boma akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Kuna jambo moja ambalo sikumwambia shangazi kwenye simu, na sidhani nitamwambia. Mwaka wa mwisho wa maisha yake, nyanya alikuwa haoni vizuri, nami nilikuwa nakwenda Ijumaa kumsaidia maandalizi. Siku moja jua lilikuwa linazama, kazi zimekwisha, amekaa kwenye kiti chake na gauni jeupe. Akaniuliza, "Unafikiri ule moto ningeuacha uwake mpaka kesho yake, Mungu angenikasirikia sana?" Nilikuwa mtu mzima wakati huo, nina watoto wawili. Nikamwambia, "Sijui, nyanya," nikatoka haraka kwenda kuanua nguo.